Homoni Inayozuia Damu na Kushusha Maziwa

Leo tutazungumza juu ya homoni iitwayo oksitosini. Huenda jina hili ni geni kwako, lakini ikiwa umewahi kuzaa au kunyonyesha, kazi yake unaijua.

Homoni ni kemikali ambazo mwili hutengeneza ili kupeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine kupitia damu. Oksitosini ni homoni ya aina ya peptaidi, yaani imeundwa kwa vipande vidogo vya protini vilivyoungana kama shanga. Shanga zake ni 9 tu, na hutengenezwa kwenye ubongo.

Wakati wa kujifungua, kichwa cha mtoto hukandamiza mlango wa kizazi. Mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, ubongo nao hutoa oksitosini, na mfuko wa uzazi hukaza. Kadiri unavyokaza ndivyo mtoto anavyozidi kushuka, na homoni huzidi kutoka. Ndiyo sababu uchungu huongezeka mpaka mtoto azaliwe.

Lakini kazi haijaisha. Kondo la nyuma likibanduka, huacha mishipa ya damu ikiwa wazi. Mishipa hiyo hufungwa na mfuko wa uzazi unapokaza. Ukibaki mlegevu, mama anaweza kufa kwa kuvuja damu katika muda wa saa chache. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hupendekeza kila mama apewe dawa ya kukaza mfuko wa uzazi mara tu mtoto anapozaliwa, na inayotumika zaidi ni sindano ya oksitosini. Usiikatae, hata kama uzazi wako uliotangulia ulikuwa salama.

Mbona isiwe kidonge? Kwa sababu tumbo huisaga homoni hii kama linavyosaga nyama au maharagwe. Tena joto huiharibu, na hospitalini huhifadhiwa kwenye friji. Kwa hivyo si dawa ya kununua na kuweka nyumbani. Kuchomwa sindano hii kiholela kabla mtoto hajazaliwa, au kunywa mitishamba ya kuharakisha uchungu, kunaweza kupasua mfuko wa uzazi na kumnyima mtoto hewa.

Mtoto akizaliwa, mweke kwenye titi kabla ya saa moja kupita. Anaponyonya, ubongo hutoa oksitosini tena. Maziwa hushuka, na mfuko wa uzazi hukaza. Yale maumivu ya tumbo unayoyasikia unaponyonyesha siku za kwanza ni dalili kwamba unarudi katika hali yake. Hata hivyo, kunyonyesha hakuchukui nafasi ya sindano.

Nanyi akina nyanya na mashangazi mnaomtunza mzazi, kumbukeni jambo ambalo kila mfugaji analijua: ng'ombe akitishwa wakati wa kukamwa, hukataa kushusha maziwa. Mama naye ni hivyo hivyo. Hofu, maumivu na maneno makali huizuia homoni hii. Msimwambie kwamba hana maziwa. Mpeni uji, mpeni nafasi ya kupumzika, na mumwache amkumbatie mtoto wake kifuani.

Mwisho, jueni dalili za hatari. Mama aliyejifungua akilowesha sodo mbili au tatu katika nusu saa, akihisi kizunguzungu au moyo ukimwenda mbio, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali mara moja. Usafiri na pesa za nauli vitayarishwe kabla ya mwezi wa tisa, kwa maana damu haimngoji mtu.

Mweleze na jirani yako aliye mjamzito.