Mazungumzo juu ya Kanga: Namna ya Kuwafungulia Porini Wasife

Kaeni kivulini mnisikilize. Leo sitasema juu ya muhogo wala juu ya mihindi. Nataka kusema nanyi juu ya kanga.

Ninyi wazee mwajua neno hili kuliko mimi. Zamani, katika pori la upande wa Kolwezi na Likasi, kanga walilia kila asubuhi. Kisha miti ikakatwa kwa kuchoma makala, na nyama ya porini ikapelekwa mjini kuuzwa. Mahali pengi kanga hawasikiki tena, na mtoto anakula bukari na sombe siku kwa siku pasipo nyama.

Wengine wenu mmekwisha kujaribu. Mlipata mayai, mkayaweka chini ya kuku, vifaranga wakakua, mkawafungulia mlango. Mwezi haukuisha, wote wakafa. Mkasema: «Ni uchawi», ama: «Kanga hapendi mkono wa mtu.» Si hivyo. Kanga aliyekulia ndani ya banda hakufundishwa na mtu. Hajui kipanga, hajui kulala juu ya mti, hajui kutafuta chakula chini ya majani.

Mimi pia nilikosa. Mara ya kwanza niliwafungulia wote asubuhi moja, nikafurahi kuwaona wakiruka. Jioni hawakujua njia ya kurudi. Wakalala chini katika nyasi, na paka wa pori akawakuta humo. Kesho yake niliokota manyoya tu.

Basi kazi inaanza mapema, tangu yai. Mkiona kiota porini, msichukue mayai yote. Chagueni kuku mtulivu aliyekwisha kutotoa, kwa maana yai la kuku hutaka siku 21, lakini la kanga hutaka siku 26 mpaka 28. Msichanganye mayai ya kuku na ya kanga, maana vifaranga vya kuku vikitoka kwanza, mama ataondoka navyo, na mayai ya kanga yatapoa.

Wiki mbili za kwanza adui ni maji na baridi. Msiwatoe kabla umande haujakauka. Tandikeni majani makavu chini, kwa sababu mahali pa utelezi miguu yao hupanuka, nao hawatasimama tena. Chombo cha maji kiwe kifupi, tena tieni mawe madogo ndani, wasizame. Na chakula? Unga wa mihindi peke yake haufai. Vunjeni kichuguu, mwape mchwa kila siku, pamoja na mboga iliyokatwa ndogo ndogo. Kazi hii wapeni watoto, wataipenda.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo watu wengi hukosa. Katika Uingereza watu hufuga ndege aitwaye fezanti, jamaa ya kuku, na kila mwaka huwafungulia mamilioni porini. Wengi sana hufa. Wataalamu wa huko walijaribu jambo dogo: vifaranga wengine walitiliwa vijiti vya kurukia ndani ya banda, wengine hawakutiliwa. Habari ilitangazwa mwaka 2016: wale wa vijiti walipata miguu yenye nguvu, wakazoea kulala juu, na waliokufa porini walikuwa wachache zaidi. Mwaka 2015 walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba vifaranga waliopewa vyakula vya namna nyingi hujua zaidi kujitafutia porini. Kijiti hakina bei. Tieni kimoja cha chini, kisha kingine kwenye kimo cha goti, kisha cha kifua. Kanga wako wajifunze kupanda kila jioni.

Wakifika miezi mitatu, jengeni ua wa matete penye ukingo wa pori, palipo na vichaka na mti mmoja mkubwa. Msichague kando ya kijito kinachopokea maji ya kuoshea mawe ya shaba, maana ndege watayanywa. Wekeni kuku mama ndani ya tenga hapo hapo. Sauti yake wanaijua. Wakae humo wiki moja. Kila mnapowapa chakula, pigeni kopo.

Kisha fungueni wawili watatu tu. Kanga hawezi kukaa peke yake: atazunguka ua ambamo wenzake wamo, na jioni atarudi. Kesho yake ongezeni wengine. Chakula msikiweke fungu moja. Kitawanyeni katika majani makavu, wajifunze kuparua. Mkipunguze kidogo kidogo kwa wiki nyingi, msikikate mara moja.

Pengine mtu atauliza: «Na mbwa wangu?» Mfunge. Na manati za watoto, na mitego ya panya? Semeni na mfumu wa kijiji kabla ya kufungua, maana kanga waliozoea watu ndio rahisi kuliko wote kuuawa. Na moto wa kiangazi ni mbaya kuliko mbwa. Pori likiungua lote, kanga hana pa kujificha. Mwezi wa tano, nyasi zingali na ubichi, limeni njia pana kuzunguka kichaka chenu, moto usiingie.

Wahesabuni jioni wanapopanda mtini. Wakipungua, tafuteni manyoya. Mkiona shina la unyoya limekatwa kwa meno, ni paka wa pori, ama nguchiro, ama mbwa wa jirani: fungeni bati kuzunguka shina la mti, asipande, na mbwa atafutwe mwenyewe. Mkiona manyoya yamenyofolewa mazima na kutawanyika, ni kipanga: pandeni miti mifupi yenye majani mengi karibu na mahali pa kulia chakula, wapate pa kukimbilia.