SEVA INAPOKATAA KAZI ILHALI INA NAFASI
Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Pemba



Mkaazi wa Kisiwa Panza anayevuka kwenda Mkoani kufuata cheti cha kuzaliwa hupoteza siku nzima anapoambiwa kuwa mtandao haupo. Huenda mtandao upo. Kilichokwama chaweza kuwa seva ya proksi, yaani mashine inayokaa kati ya kompyuta za ofisi na intaneti, ikipokea ombi la kila mtumishi na kulipeleka nje kwa niaba yake.

Jambo linalowababaisha wengi ni kwamba mashine hiyo huweza kukataa maombi ilhali kumbukumbu yake haijajaa na prosesa yake imetulia. Sababu ni ukomo wa namba. Mfumo wa Linux huipa programu namba moja kwa kila faili linalofunguliwa na kwa kila muunganiko. Mara nyingi ukomo wa kuanzia ni namba 1024. Ombi moja linalopita kwenye proksi huchukua namba mbili: moja upande wa mtumishi na moja upande wa tovuti anayoitafuta. Hivyo, maombi kama 500 kwa wakati mmoja yatosha kuzimaliza.

Mfano wake ni kituo cha kununulia karafuu ambacho ghala lake ni tupu na mizani yake ni mizima, lakini kitabu cha stakabadhi kimekwisha. Wakulima watapanga foleni, na kujenga ghala jipya hakutaiondoa.

Ifahamike pia kwamba namba haziishi kwa wingi wa watu pekee, bali hata kwa urefu wa kusubiri. Ombi likimalizika kwa sekunde 1, nafasi 500 huhudumia maombi 500 kwa sekunde. Likichukua sekunde 20, nafasi zilezile huhudumia maombi 25 tu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Katika hali kama hiyo, proksi iliyokuwa ikitosha jana huweza kujaa leo bila ya kuongezeka mtumiaji hata mmoja.

Fundi anashauriwa kufuata hatua hizi:

(a) Asome kwanza kumbukumbu za matukio. Programu ya Squid, kwa mfano, huandika onyo katika faili la cache.log namba zinapokaribia kwisha.

(b) Apime ukomo wa huduma yenyewe. Amri ya ulimit -n huonyesha ukomo wa dirisha alilolifungua fundi. Ule wa huduma husomwa katika faili la limits, ndani ya saraka ya huduma hiyo chini ya /proc.

(c) Apandishe ukomo mahali panapohusika. Huduma inayoanzishwa na systemd hufuata kipengele cha LimitNOFILE. Kuandika katika limits.conf pekee hakuigusi. Kisha aianzishe upya huduma na kupima tena.

(d) Afupishe muda wa kusubiri tovuti zisizojibu, na aweke mgao ili kompyuta moja isizimalize namba za ofisi nzima.

Hata hivyo, ukomo haukuwekwa bure. Kila muunganiko hula kumbukumbu. Ukipandishwa bila ya hesabu, kumbukumbu itakwisha na mfumo utaiua programu. Badala ya wachache kukataliwa, wote watakosa huduma.

Kwa hivyo, ombi la fedha za kununulia seva mpya liambatane na kipimo: ni ukomo upi uliofikiwa, saa ngapi, na namba ngapi zilikuwa zikitumika. Fedha hizo ni za wananchi. Naye mtumishi wa dirishani amweleze mkaazi ukweli wa kilichokwama na wakati wa kurudi, ili asivuke bahari mara ya pili kwa jibu lilelile.