Sungura jike wakipigana, tazama nyumba kwanza

Hotuba ya afisa wa uzalishaji wa mifugo kwa wafugaji wa sungura, siku ya wakulima



Ratiba inasema nizungumze juu ya chakula cha sungura. Hilo tutalipa siku yake. Leo naomba tuzungumze juu ya ugomvi, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa zaidi: "Daktari, majike wangu wanaumana, nichinje yupi?" Mimi si daktari, lakini kwanza usichinje.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha akina mama kilinunua majike 3 wa miezi 2. Mbao zilikuwa ghali. Nikawaambia wawaweke kwenye kizimba kimoja kikubwa, kwa kuwa ni dada wa tumbo moja na wamezoeana. Kwa muda walikaa vizuri, hata walilala wameegemeana. Walipofika miezi 4 hivi, mwenye boma akaamka akakuta manyoya yametapakaa na mmoja sikio limechanika. Akadhani ni paka. Mchana alipochungulia, wote walikuwa wametulia. Alipokwenda alfajiri na tochi ndipo akaona mmoja anawafukuza wenzake, anauma migongo na matako. Sungura huchangamka jioni na alfajiri. Ukipita saa saba mchana utadanganyika.

Sungura wa hadithi za bibi zetu ni wa porini, hulala juu ya ardhi na hana shimo. Huyu wa kizimba ni mwingine. Asili yake ni Uhispania na Ureno, na huko huishi kwa makundi kwenye mashimo. Mashimo mazuri ya kuzalia hayawatoshi majike wote, kwa hiyo mwenye nguvu hushika la ndani na mnyonge akazalie pembeni. Kwa macho ya jike, kizimba chako ni shimo lake. Akikomaa ataanza kulilinda, na akishika mimba atalilinda zaidi.

Basi, yule mkali wa akina mama alipandishwa, akarudishwa humo humo kwa wenzake. Akawa moto. Wakaamua aliwe Jumapili. Nilifika Ijumaa, nikampapasa tumbo, nikakuta ana mimba. Tulimpigia kizimba cha mbao za zamani siku hiyo hiyo, akazaa watoto 7 na kuwalea wote. Walikuwa karibu wamle mama bora kuliko wote kwa sababu ya ushauri wangu.

Wa pili, aliyeumwa mgongoni, hakupona, na sikilizeni vizuri kilichomuua. Jeraha la sungura hufunga juu na kutunga jipu ndani. Usaha wake ni mzito kama siagi, hautoki wenyewe, na ukiukamua unauchokoza. Kijana wa nyumba, kwa nia njema, alimnywesha amoksilini iliyobaki nyumbani. Sungura akaharisha, akafa. Amoksilini, ampisilini na penisilini za kumeza huua vijidudu vizuri vya tumbo la sungura, na vibaya huchukua nafasi. Jeraha lisafishe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, mkinge na nzi, kisha mwite daktari wa mifugo. Kabati la dawa za watu lifunge.

Wa tatu hakuwa na hata mchubuko, lakini alikuwa anakataa dume. Watu wakalaumu dume! Majike hupandana kuonyeshana nani mkubwa, na yai la sungura hushuka baada ya kupandwa. Akipandwa na jike mwenzake, mwili unaweza kudhani una mimba. Kwa siku 16 hadi 18 atakataa dume, kisha atanyofoa manyoya ya kifua na kutengeneza kiota, na mtoto hakuna. Mimba ya kweli ni siku 31 hivi. Kwa hiyo hata ugomvi usiotoa damu unakula pesa yako.

Watenganishe wakifika miezi 3. Jike wa kuzalisha apewe chumba chake, angalau futi 2 na nusu kwa futi 2 kwa sungura wa kawaida, na kikubwa zaidi ni bora. Siku ya kupandisha mpeleke jike kwa dume, kamwe usimpeleke dume kwa jike, simama hapo utazame, kisha mrudishe kwake. Wakishikana, usitie mkono katikati. Sukuma ubao kati yao.

Najua wapo watoto hapa wanaofuga sungura wa kucheza nao, na wanataka wawili wasikae wapweke. Inawezekana, ila ina kazi. Wape eneo lisilo la yeyote kati yao, lililooshwa kwa maji na siki ili harufu ya zamani itoke. Weka vyombo viwili vya chakula, viwili vya maji, na katoni zenye matundu mawili, ili anayefukuzwa apate pa kutokea. Kama hawatazalishwa, muulizeni daktari kuhusu upasuaji wa kutoa kizazi, ambao hupunguza ukali. Lakini damu ikitoka, watenge moja kwa moja, wakae jirani na wavu katikati. Ukimtoa aliyeonewa wiki moja ukamrudisha, atapokewa kama mgeni, na kipigo kitakuwa kikubwa zaidi.

Nimeambiwa nyuma ya jengo hili kuna majike wawili wa miezi 3 walioletwa na kikundi cha vijana, bado wako pamoja. Fundi amekuja na mbao na wavu. Twendeni tuwajengee ukuta kabla jua halijazama.