Usimwongezee Mgonjwa Dawa ya Usingizi



Baadhi yetu tunao ndugu nyumbani wanaougua ugonjwa wa akili. Wanameza dawa kila siku, au wanachomwa sindano kila mwezi. Dawa moja inayojulikana sana ni klopromazini. Ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Ufaransa mwaka 1952. Hospitali yetu ya Mirembe, kule Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927. Maana yake, kwa miaka isiyopungua 25 ilihudumia wagonjwa bila dawa ya namna hii. Basi tusiidharau. Imewarudisha watu wengi shambani na kwa watoto wao.

Sasa nisikilizeni. Nilimjua mama mmoja ambaye kijana wake anameza klopromazini. Kijana alikuwa anaendelea vizuri, analima maharage yake mwenyewe. Kisha usingizi ukampotea. Usiku kucha akawa anazunguka uani. Mama akachoka. Akaenda dukani, akauziwa valiamu bila cheti. Hakuulizwa mgonjwa anatumia dawa gani. Usiku ule akampa vidonge viwili, juu ya dawa yake ya kila siku. Naye kijana alikuwa ameonja gongo jioni.

Asubuhi haamki. Anakoroma, pumzi inakuja kwa shida. Wakambeba mbio kwa pikipiki. Alipona, lakini ilikuwa bahati. Yule mama alinambia, "Mwanangu, mimi nilitaka alale tu."

Kwa nini ikawa hivyo? Klopromazini yenyewe huleta usingizi. Pia hushusha msukumo wa damu, ndiyo maana mgonjwa akisimama ghafla huona kizunguzungu. Valiamu nayo hupoozesha ubongo. Pombe ni hivyo hivyo. Kila moja inamwambia mtu, "Lala." Zikisema zote pamoja, hata pumzi inaweza kulala.

Wengine husema, "Mimi simpi valiamu, nampa piritoni tu." Piritoni ni dawa ya mafua na kuwashwa, lakini nayo huleta usingizi. Ikichanganywa na dawa hizi, usingizi huzidi, mdomo hukauka, choo huwa kigumu, na mkojo unaweza kuziba. Mzee anaweza kuchanganyikiwa au kuanguka. Wengine huletewa na ndugu wa mjini vidonge vya melatonini, vinavyouzwa kama nyongeza ya kusaidia usingizi. Hivyo navyo huongeza usingizi juu ya usingizi. Na dawa za mizizi je? Hatujui kipimo chake. Kitu kuitwa cha asili hakukifanyi kiwe salama.

Ndugu zangu, neno langu kubwa la leo ni hili: mgonjwa wa akili akikosa usingizi, hiyo ni habari. Usiizime, ipeleke zahanati. Huenda ugonjwa unarudi, maana mara nyingi usingizi ndio hutangulia kuondoka. Huenda ameacha vidonge kwa siri. Au dawa yenyewe inamfanya miguu isitulie, akikaa anataka kusimama, akisimama anataka kutembea. Hilo lina tiba yake. Ukimpa valiamu ya dukani, unafunika moto kwa majani makavu.

Je, mganga hawezi kutoa dawa hizo pamoja? Anaweza, na mara nyingine hufanya hivyo. Lakini yeye anajua kipimo, na anamwangalia mgonjwa. Kwa hiyo mwambieni kila kitu mgonjwa anachotumia: vidonge, mizizi, hata pombe. Msione haya.

Wakati mnangoja kumwona mganga, mgonjwa asiache dawa yake. Akiacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Mpunguzieni kahawa na chai ya rangi jioni. Asilale sana mchana. Afanye kazi nyepesi, na usiku alale saa ile ile kila siku.

Na kama dawa zimekwisha kuchanganywa, mgonjwa haamki, anakoroma vibaya au midomo inageuka rangi? Mlazeni kwa ubavu. Msimnyweshe maziwa wala maji, yataingia mapafuni. Msimtapishe. Mpelekeni kituo cha afya upesi, na mchukue paketi zote za dawa alizomeza. Asiachwe peke yake hata kidogo.

Ninyi sasa mnajua kusoma. Basi someni jina la dawa kwenye paketi kabla ya kumpa mgonjwa. Mkiwa na shaka, ulizeni kwanza. Yule mama sasa hufanya hivyo. Na kijana wake bado analima maharage.