Sindano ya Bei Mbaya

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumapili jioni)

Ndugu msikilizaji,

Wiki hii naomba tuache kidogo habari za bei ya unga na foleni za barabarani, nikuungamie kosa langu mwenyewe. Ni kosa la mtu aliyedhani kwamba kitu kikiwa cha bei kubwa basi kazi imekwisha.

Marehemu baba yangu alipiga gitaa katika bendi moja ya Morogoro. Mwaka 1974 yeye na wenzake walipanda basi hadi Nairobi, ambako santuri zilikuwa zikichapwa, wakarekodi nyimbo mbili. Ikatoka santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande. Baba alipofariki, mwaka 2016, ilikuwa imebaki nakala moja tu nyumbani, imefungwa kwenye kanga ya mama. Nimetafuta nyingine kwa miaka mingi, kwa wauza vitu vikuukuu na kwa wanamuziki wazee, sijaipata.

Mama aliniomba jambo moja: asikie tena gitaa la mumewe. Mimi ni mtangazaji, nikaona aibu kumpigia mama santuri kwa kimashine cha plastiki. Nilikuwa na gramafoni nzito ya studio, ya miaka ya sabini, niliyoinunua ilipouzwa kama chakavu. Nikajibana, nikatoa mshahara wa miezi miwili, nikaagiza katriji mpya kutoka ng'ambo. Katriji, kwa asiyejua, ni kile kidude cha mwisho wa mkono wa gramafoni kinachobeba sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme.

Nikaifunga, nikaweka santuri ya baba. Santuri ile ilikuwa imepinda kidogo kwa joto, kama zilivyo nyingi za pwani. Mzunguko wa kwanza mkono ukaanza kunesa. Wa pili ukanesa zaidi. Katika ubeti wa tatu sindano ikaruka, ikateleza juu ya santuri na kuacha mchirizi unaoonekana kwa macho. Mama alikuwa amekaa pale pale. Hakusema neno.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee mmoja, fundi mstaafu wa studio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mgonjwa gani?"

Nikamwonyesha. Akaigeuza ile katriji chini ya taa, akasoma karatasi yake, akaunyanyua mkono wa gramafoni kwa kidole. Kisha akasema, "Hukununua kitu kibaya. Umekiozesha vibaya."

Ndugu msikilizaji, somo alilonipa mzee yule nakupa nawe, maana wako vijana wengi siku hizi wanaorudi kwenye santuri, na wako wanaozihamisha kwenye kompyuta ili zisipotee.

Sindano hukaa kwenye kijiti chembamba kilichoshikwa na mpira. Mpira huo ni springi. Katriji nyingine zina springi laini, nyingine ngumu. Mkono wa gramafoni nao ni mzigo unaobebwa na springi hiyo. Fikiria gari dogo lenye springi laini, ukalipakia magunia ya saruji, kisha ukalipitisha kwenye matuta. Utavuka tuta na gari litaendelea kunesa. Sasa fikiria lori la springi ngumu, tupu, kwenye barabara ya vumbi. Hilo litatetema mpaka meno yagongane. Springi zote mbili ni nzima. Mzigo ndio haukulingana nazo.

Ulinganifu huo una hesabu, na mzee aliifanya nyuma ya bahasha. Unajumlisha uzito wa mkono ule unaohisiwa na sindano, uzito wa katriji na wa skrubu zake, kwa gramu. Unazidisha kwa kipimo cha ulaini wa springi, ambacho mtengenezaji hukiandika kwenye karatasi. Unatafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha unagawa 159 kwa namba hiyo. Unachopata ni mitetemo kwa sekunde, yaani mwendo ambao mkono na sindano hupenda kunesa vikiachiwa. Kinachotakiwa ni kati ya 8 na 12. Ukishuka chini ya hapo unakutana na mwendo wa santuri zilizopinda. Ukizidi sana unaanza kuzikaribia sauti nzito za muziki wenyewe.

Mkono wangu ulikuwa na gramu 24, katriji 7, skrubu 1. Jumla 32. Ulaini wa katriji ulikuwa 25. Zidisha, unapata 800. Kipeuo chake cha pili ni 28 na ushei. Gawa 159, jibu halifiki hata 6. "Ungeisoma karatasi kabla ya kufungua pochi," mzee akasema, "santuri ya baba yako ingekuwa nzima."

Akanishauri nitafute katriji ya springi ngumu, akaitaja Denon DL-103. Nilifurahi kusikia kwamba chombo hicho ni mtoto wa redio: kilibuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na shirika la utangazaji la nchi hiyo, NHK, kwa matumizi ya studio. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ile niliyokwisha kuinunua. Ina gramu 8 na nusu. Karatasi yake inataja ulaini wa 5, lakini mzee akanionya kuwa Wajapani huupima kwa mitetemo 100 kwa sekunde. Kwa mitetemo 10, inayotuhusu hapa, kwa makisio huwa karibu mara mbili. Tukaweka 10. Jibu likatoka 8 na nusu na ushei. Ndoa hiyo ikakubalika.

Nikadhani nimefika. La hasha. Nilipoiunganisha na amplifaya yangu ya zamani, sauti ikatoka kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, na nilipoongeza, ukaja mngurumo wa umeme.

Kumbe yupo mwenzi wa tatu. Katriji za kawaida zina sumaku inayotikisika, nazo hutoa kama milivolti 3 hadi 5. DL-103 ni ya aina ya pili: kinachotikisika ni koili ndogo ya waya, na umeme wake ni milivolti 0.3 tu. Amplifaya yangu ilitengenezwa kwa ajili ya zile za sumaku. Isitoshe, sehemu hiyo ya amplifaya inayopokea santuri ina kazi nyingine. Wakati wa kuchonga santuri sauti nzito hupunguzwa na nyembamba huongezwa, kwa kipimo ambacho makampuni ya Marekani yalikiafiki mwaka 1954 na kikaenea duniani. Sehemu hiyo ndiyo inayorudisha kila sauti mahali pake. Ndiyo maana huwezi kuchomeka gramafoni kwenye tundu lolote la redio ukategemea muziki.

Dawa ilikuwa transfoma ndogo ya kuongeza umeme mara kumi: milivolti 0.3 zikawa 3. Na hapa pia kuna hesabu. Amplifaya ilikuwa na ukinzani wa omu 47,000. Kupitia transfoma ya mara kumi, katriji huuona umegawanywa kwa 100, yaani omu 470. Watengenezaji wa katriji wanataka usipungue 100. Ikakubalika.

Mwisho tukapima mgandamizo wa sindano kwa mizani ndogo: gramu 2 na nusu. Nilitaka kupunguza, nikidhani naihurumia santuri. Mzee akanizuia mkono. Sindano iliyokandamizwa pungufu hupoteza mguso na kurukaruka ndani ya mfuo, na huko kurukaruka ndiko kunakoukwangua.

Sasa, ndugu msikilizaji, kwa nini nakuchosha na gramu na omu jioni ya Jumapili? Nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari tulifundishwa kwamba ukikosea kwenye chanzo, ufundi wote unaofuata unalipamba kosa tu. Huko majumbani kuna santuri ambazo hazina nakala ya pili. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Santuri za enzi hizo, za mizunguko 78, zina mfuo mpana. Sindano yake inapaswa kuwa na ncha nene karibu mara nne ya hiyo ya DL-103. Ukitumia nyembamba, inazama chini ya mfuo na kusoma takataka. Mtu akiihamisha kwenye kompyuta hivyo, atakuwa amehifadhi takataka, na wajukuu watadhani Siti aliimba hivyo.

Kwa hiyo usinunue kwa kufuata bei. Muulize muuzaji mambo matatu: ulaini wa springi, uzito wa mkono unaoifaa, na umeme inaoutoa. Asiyeweza kukuonyesha karatasi, muage kwa adabu. Na kama unayo santuri ya pekee, jaribu kwanza kwa santuri usiyoijali.

Nilimwita mama tena baada ya miezi mitano. Mkono ulipita juu ya lile pindo bila kunesa. Ubeti wa kwanza, wa pili, mama amefumba macho. Gitaa lilipoingia akasema, "Huyo. Kila mara alikuwa anachelewa kidogo, wenzake wakamgombeza." Miaka arobaini na mitano ilikuwa imepita.

Kisha ukaja ubeti wa tatu, na mle ndani, juu ya gitaa, kwa kila mzunguko: ta, ta, ta. Sindano haikuruka, ila mchirizi haufutiki.

"Na huyo anayegonga ni nani?" mama akauliza.

Nikamjibu, "Ni mimi, mama."

Nakutakia jioni njema.