Kurudia au Kuendelea: Uandishi wa Mchezo wa Sinema

 

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya swali aliloniletea msikilizaji mmoja wa Makambako. Yeye anaandika mchezo wa sinema. Alianza baada ya mavuno ya mahindi, naye ana nafasi mpaka mvua za Novemba zitakapomwita shambani. Sasa yuko ukurasa wa 12 tu, maana kila jioni husoma tangu mwanzo, akafuta, akaandika upya. Onyesho la kwanza ameliandika mara 9. Auliza: nisahihishe huku ninaandika, au niende mpaka mwisho kwanza?

Hebu tupige hesabu. Kwa desturi ya kazi hii, ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya picha. Sinema ya saa moja na nusu yataka kurasa 90 hivi. Basi ndugu yetu ana dakika 12 za kupendeza, na mvua zinakaribia.

Jawabu langu ni kwamba aendelee. Onyesho la kwanza haliwezi kupimwa bado, kwa sababu hajui onyesho la mwisho litadai nini. Huenda lile alilolisugua mara 9 likaja kuondolewa lote, na mtu huona uchungu kukata kitu alichokihangaikia.

Lakini si kila kosa la kuachwa. Katika hadithi yake, msichana wa Njombe apanda basi, mwendo wa kilomita 60 hivi, ili Makambako apate treni ya TAZARA kwenda Dar es Salaam kumtafuta kaka yake. Ukurasa wa 10 afika stesheni, na papo hapo treni yaingia. Ninyi wa Makambako mtacheka, maana mwajua kwamba treni ya abiria haipiti kila siku. Akiikosa atalala wapi? Atakula nini? Nani atamwona pale peke yake? Hadithi nzima yageuka hapo, tena yageuka kwa uzuri. Kosa la namna hii lisingoje, kwa kuwa kila ukurasa utakaofuata utasimama juu yake.

Hata hivyo asirudi kuandika upya kurasa 10. Achukue karatasi nyingine, aandike mstari mmoja: treni imempita, yuko stesheni, usiku. Kisha aanze ukurasa wa 13 kana kwamba amekwisha kurekebisha. Mazungumzo marefu, neno lisilopendeza, jina la mjomba lisilomkaa, hayo yatosha kutiwa alama pembeni. Tahajia nayo isimsumbue kabisa.

Wengine huogopa kwamba kazi isiyosafishwa mara moja haitasafishwa kamwe. Mwalimu Nyerere alitafsiri mchezo wa Shakespeare, ukapigwa chapa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, naye alikuwa Rais mwenye shughuli nyingi. Mwaka 1969 ukatoka tena umesahihishwa, hata jina likawa Juliasi Kaizari. Alirudia kazi iliyokwisha kusimama nzima. Ni kweli, mfasiri aujua mwisho tangu siku ya kwanza. Mwandishi wetu haujui, na kwa hiyo ana sababu zaidi ya kuufikia kwanza.

Kazi ya juma hili kwa vikundi vya Njombe na Makambako: mmoja awasomee wenzake kurasa tatu alizoandika. Wanaosikiliza watenge makosa mafungu mawili, yanayobadili mambo ya mbele na yale ya maneno tu. Fungu la kwanza liandikeni mkaniletee kabla ya Alhamisi. Juma lijalo tutatazama onyesho lisilo na mazungumzo hata kidogo.

Kwaherini.