Kuchora Uso wa Mtoto Uonekane wa Mtoto

Sisi tunaochora mabango ya kliniki tunasikia lalamiko moja mara kwa mara: mtoto kwenye picha anaonekana mzee. Mama akiliona bango la namna hiyo hupita tu, maana hamwoni mwanawe pale.

Mara nyingi tatizo ni vipimo. Kwa mtu mzima, tukipima toka utosini hadi kidevuni, macho hukaa karibu katikati. Kwa mtoto mdogo hukaa chini ya katikati, kwa sababu fuvu hukua mapema kuliko taya. Kwa hiyo paji la uso liwe kubwa, pua fupi, kidevu kidogo. Kadiri anavyokua, taya hurefuka na macho huonekana kama yamepanda. Kijana wa miaka 13 tumweke kati ya hao wawili.

Kisha penseli. Ule mstari wa kutoka puani hadi pembe ya mdomo tuuache kabisa, maana huo peke yake huzeesha. Kivuli kiwe chepesi. Meno nayo tusiyatenganishe kwa mistari.

Alasiri watoto wa majirani watakuja tuwachore. Hawatatulia, hilo tunalijua, basi tuanze na vipimo, nguo baadaye.